Baridi ya Kuazima

Januari 2024 baridi kali ilipoipiga Chicago, madereva wa magari ya Tesla walikwama kwenye vituo vya kuchajia. Betri zilikuwa za baridi mno kupokea umeme kwa haraka, foleni ikarefuka, na baadhi ya magari yakazimika kabisa yakiwa bado yanasubiri zamu. Video za tukio hilo zilifika Mtwara upesi kuliko barua yoyote ya serikali. Mimi nilizipokea kwenye makundi matatu ya WhatsApp, zote zikiwa na maneno yanayofanana: haya ndiyo magari mnayotuletea. Mmoja wa waliozisambaza ni jamaa ninayemfahamu vizuri, na ningeapa kwamba wakati anabonyeza kitufe cha kutuma alikuwa kifua wazi, feni imemwelekea usoni, analalamikia joto.

Nataka kugombana naye. Nikimalizana naye nitawageukia anaobishana nao, yaani wauzaji na washabiki wa vyombo vya umeme wanaotupigia hesabu za kilomita kutoka kwenye vipeperushi. Kambi hizi mbili zinatukanana kila siku, lakini zinakula sahani moja. Moja imeazima baridi ya Chicago ili ituambie kwamba umeme ni utapeli. Nyingine imeazima maabara ya Ulaya na China ili ituambie kwamba umeme ni ukombozi. Katika zote mbili sijamsikia hata mtu mmoja aliyepanda chombo cha umeme, akatoka Mtwara mjini, akaenda Msimbati, akarudi, kisha akatuambia betri imebaki na nini.

Tuanze na baridi, kwa sababu ni ya kweli. Ndani ya betri ya lithiamu umeme husafiri kwa chembe zinazoogelea kwenye kimiminika. Baridi hukifanya kimiminika hicho kiwe kizito, chembe zikatembea kwa kusuasua, na sehemu ya nguvu ikapotelea humo humo ndani kabla ya kufika kwenye mota. Halafu kuna watu ndani ya gari. Injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nishati yake kama joto, kwa hiyo mwenye gari la petroli kwenye nchi ya theluji huota moto wa bure, makombo ya injini. Mota ya umeme haina makombo ya kutosha. Anayetaka kupata joto garini lazima alichote kwenye betri ile ile inayosukuma magurudumu. Ndiyo maana umbali unapungua, na anayekwambia haupungui anakudanganya.

Sasa tazama nani anaishi na tatizo hilo. Norwei, nchi ambayo majira yake ya baridi yangemfanya yule jamaa yangu alie kwa mama yake, ndiyo nchi ambayo mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya ya abiria yaliyouzwa yalikuwa ya umeme mtupu. Wanaoumwa na baridi ndio wanunuzi wakubwa kuliko wote. Kama baridi ingekuwa hoja ya kuumaliza mjadala, ingeumaliza huko kwanza.

Na walichofanya ni kitu cha kawaida kabisa. Walipima. Wana chama cha wenye magari kinachoitwa NAF, kilichoanzishwa mwaka 1924, na chama hicho huchukua magari ya umeme ya kampuni mbalimbali kila majira ya baridi, kikayatoa Oslo kuelekea milimani, na kuyaendesha mpaka yaishiwe. Kisha kinachapisha namba mbili kwa kila gari: kilomita zilizoahidiwa na kilomita zilizopatikana. Katika jaribio la baridi la 2024, Tesla Model 3 iliyoahidi kilomita 629 ilipata 441. Karibu theluthi moja ilibaki kwenye karatasi. Gari la Kichina linaloitwa HiPhi Z lilipoteza chini ya asilimia 6. (Mwezi Februari mwaka huo huo kampuni inayolitengeneza ikasimamisha uzalishaji kwa kukosa fedha. Kushinda mtihani wa baridi na kumudu soko ni mambo mawili.)

Rudia kusoma nani amepima. Hawakuwa wauzaji, wala haikuwa wizara. Ni chama cha wenye magari, watu ambao gari likizimika mlimani saa tano usiku wao ndio watakaotetemeka. Nitarudi kwenye jambo hili baadaye.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kifua wazi, hoja yako imekufa kabla haijavuka daraja la Mkapa. Mtwara jua likiwa la utosi la mwezi wa kumi na moja tunafika nyuzi 31, 32. Asubuhi za Julai, ile baridi yetu ya kuvalia sweta na kuombeana pole, huwa ni kama nyuzi 20. Betri ya lithiamu inayapenda mazingira hayo kama mtoto anavyopenda ubwabwa. Hakuna hita ya kuwasha. Hakuna kimiminika kinachoganda. Hiyo theluthi moja wanayopoteza wenzetu, sisi kwa upande wa baridi hatuipotezi. Ukitaka kuukataa umeme, tafuta sababu iliyozaliwa hapa.

Sababu hizo zipo. Ndipo ninapowageukia wale wengine.

Umbali unaouona kwenye matangazo ya magari ya Ulaya hupimwa kwa utaratibu unaoitwa WLTP. Gari hupandishwa juu ya roli ndani ya maabara, joto likiwa nyuzi 23, na kuendeshwa kwa ratiba maalumu yenye wastani wa kilomita 46 hivi kwa saa. Wachina, ambao ndio watengenezaji wa vyombo vingi vya umeme vinavyotufikia, wana utaratibu wao unaoitwa CLTC, wenye wastani wa kilomita 29 hivi kwa saa, na kwa kawaida hutoa namba kubwa zaidi kwa gari lile lile. Pikipiki za umeme ndizo zenye uhuru mkubwa kuliko zote: mara nyingi namba yake imetokana na mpanda mmoja, mwendo wa taratibu usiobadilika, na barabara iliyonyooka kama rula. Katika namba hizo zote hakuna mchanga. Hakuna mshikaki. Hakuna gunia.

Nawaomba wasomaji wa Dar es Salaam wavumilie kidogo nieleze barabara, maana naona wengi wanapenda Msimbati ya picha za ufukwe tu. Kutoka Mtwara mjini unapita Mangamba, unaingia Madimba, kisha unashuka kuelekea baharini. Ni kilomita 40 na ushei kwenda. Kadiri unavyoikaribia bahari ndivyo ardhi inavyolegea, na ukishaingia kijijini na kuelekea Ruvula mchanga ndiyo barabara yenyewe. Madereva wa magari makubwa hupunguza upepo wa tairi ili zitanuke zisizame. Waendesha bodaboda huteremsha miguu yote miwili na kupiga makasia kama wavuvi wa mtumbwi. Kusi likivuma, mwendaji analipokea usoni.

Mchanga una bei, na bei hiyo inaweza kupigiwa hesabu na yeyote aliyefika kidato cha nne. Chukua pikipiki, dereva na abiria mmoja: tuseme kilo 250 kwa jumla. Kwenye lami nzuri tairi hukinzana na barabara kwa nguvu ya kama asilimia moja na nusu ya uzito huo, ambayo ni sawa na kuvuta mzigo wa kilo nne kasoro. Ongeza upepo unaompiga dereva kifuani kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, kama kilo nyingine sita. Jumla haifiki kumi. Kwenye mchanga mkavu uliolegea, ukinzani wa tairi unaruka hadi asilimia 20 ya uzito, na mara nyingine zaidi. Hiyo ni kilo 50. Unaendesha polepole, kwa hiyo upepo unakudai kilo moja tu, lakini tayari umeshaliwa. Kwa maneno mengine, kilomita moja ya mchanga inakula betri kama kilomita tano za lami na chenji.

Sasa chukua pikipiki iliyoandikwa kilomita 100 kwa chaji moja. Tuwe wakarimu, tuikubali hiyo mia kwamba ni ya kweli kwenye lami. Tukubali pia kwamba safari yote ya Msimbati ina mchanga kwenye kilomita moja tu kati ya kila tano, na nyingine nne zote tuzihesabu kuwa ni lami, jambo ambalo ni zawadi kubwa kwa muuzaji. Piga hesabu. Mia inakuwa 54 hivi.

Kwenda na kurudi ni zaidi ya 80.

Nilifanya hesabu hii nyuma ya daftari nikiwa nimekaa kwenye kijiwe cha bodaboda Msimbati, nikimsubiri mama mdogo arudi kutoka kwenye mazishi, na nikamwonyesha kijana mmoja aliyekuwa amelala juu ya tangi la pikipiki yake kama yuko kitandani. Nilikuwa nimebeba kipeperushi cha pikipiki ya umeme nilichopewa mjini. Akakitazama, akainuka nusu.

"Dada, hii kilomita mia ni ya wapi?"

Nikamwambia ni ya chaji moja.

"Nimesikia. Nakuuliza ni ya wapi."

Nasoma shahada ya uzamili. Nimekaa kwenye semina ambazo watu wenye vyeo walizungumza saa mbili kuhusu mpito wa nishati bila kuuliza swali hilo. Kilomita si sifa ya pikipiki peke yake kama rangi yake ilivyo. Kilomita ni ya pikipiki na mahali. Mwenye pikipiki ya petroli analijua hili mwilini. Anajua lita moja ya kwenda Naliendele si lita moja ya kwenda Ruvula, na haimsumbui, kwa sababu petroli inauzwa kwenye chupa ya maji kando ya njia. Akiishiwa Madimba anasimama, anapiga kelele, mama mmoja anatoka na chupa. Umeme haumiminiki kwenye chupa. Ndiyo maana kosa la kukadiria umbali, ambalo kwenye petroli ni usumbufu wa shilingi elfu chache, kwenye umeme ni usiku mzima wa kusukuma.

Mtaniambia kuna vituo vya kubadilishia betri: unafika na betri tupu, unaondoka na iliyojaa ndani ya dakika chache. Naam, ni wazo zuri, na linafanya kazi pale ambapo kuna mamia ya pikipiki zinazozunguka eneo dogo. Kituo kama hicho hufuata wateja. Kijiji cha mwisho kabla ya mdomo wa Ruvuma hakitakuwa cha kwanza kupewa. Mtaniambia pia dereva atachaji nyumbani usiku. Sawa, siku umeme ukiwapo. Watu wa Mtwara hawahitaji mtafiti wa kuwaeleza maana ya umeme kukatika.

Namba hii si jambo la kubishana vijana wanaopenda magari. Bodaboda wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wamezichukua kwa mkataba: kila siku au kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye chombo mpaka fedha itimie, ndipo kiwe chake. Hesabu imepangwa kwa kuamini idadi fulani ya safari. Safari zimepangwa kwa kuamini idadi fulani ya kilomita. Kilomita zikipungua nusu, safari zinapungua nusu, lakini hesabu haipungui hata senti. Kijana anaanza kudaiwa wiki ya pili. Wiki ya tano pikipiki inachukuliwa, na fedha aliyokwishapeleka haimrudii. Hatasema ameonewa na utaratibu wa upimaji. Atasema umeme ni wizi, na atakuwa na ushahidi mzuri kuliko video za Chicago.

Fikiria pia msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, na bodaboda hulifunga nyuma bila wasiwasi, wakati mwingine na mwenye gunia juu yake. Mchanga haujali kilichoongeza uzito. Unadai asilimia yake. Msimu ambao dereva angepata fedha nyingi kuliko wote ndio msimu ambao betri itamwangusha mapema kuliko wote.

Na kuna safari ambazo hazina msimu. Mjamzito akipewa rufaa usiku kwenda Ligula, anayeitwa ni yule mwenye chombo aliye karibu. Hapo kilomita zilizobaki kwenye betri si mada ya jukwaani. Dereva anatazama kioo, kinamwambia asilimia 60, na anatakiwa aamue kama 60 hiyo ni ya lami au ya mchanga. Kioo hakimwambii. Aliyekitengeneza hakuwahi kuulizwa.

Nimesikia jibu la wakubwa kwamba haya ni matatizo ya pembezoni, na kwamba tuanze na miji kwanza. Sina ugomvi na kuanza na miji. Bajaji ya umeme inayopiga Mwenge na Kariakoo inastahili kila sifa inayopewa, na mapafu ya Dar es Salaam yataishukuru. Lakini sera hazibaki mijini. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya mafuta mwaka 2024, na katazo hilo halikuuliza unaishi Addis Ababa au Jinka. Rwanda ilianza Januari 2025 kukataa kusajili pikipiki mpya za petroli kwa usafiri wa abiria Kigali. Angalau wao walitaja mji. Siku sera kama hizo zikifika kwetu zitakuja na kodi, mikopo na tarehe za mwisho, na ziko chini ya kila sera zitakuwa kilomita zilizopimwa na mtu fulani mahali fulani. Nauliza kama yule kijana: mahali gani?

Msimbati ina haki ya kuuliza kwa sauti kubwa kuliko vijiji vingine. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa hapo mwaka 1982. Inatoka chini ya ardhi hii, inasafishwa Madimba, na tangu mwaka 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 500, inapozalisha umeme Kinyerezi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipoambiwa habari za bomba hilo waliandamana wakisema gesi haitoki. Mji ukawaka moto, majeshi yakaja, watu wakapoteza maisha. Gesi ikatoka. Leo mtu anayechomeka gari lake la umeme Masaki anakunywa, walau kwa sehemu, kutoka kisima cha Msimbati. Mabwawa yameongezeka, Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limebadilisha mizani, lakini gesi bado imo kwenye waya. Mtwara yenyewe kwa miaka mingi ilikaa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea mitambo yake ya gesi iliyokuwa ikichoka mbele ya macho ya watu.

Sielezi haya ili tulie. Naeleza ili ieleweke kwamba tunapoambiwa teknolojia hii ni safi na ni yetu sote, kuna watu ambao wameshachangia mtaji. Kuwapimia chombo kwenye mchanga wao ni gawio dogo kuliko yote wanayoweza kuomba.

Kuhusu joto nitasema machache, kwa sababu najua yule jamaa yangu akishaishiwa baridi atakimbilia huko. Joto halipunguzi sana umbali wa leo. Linapunguza umbali wa miaka mitatu ijayo. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf huko Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba betri zao zinachakaa upesi kuliko walivyoahidiwa. Betri ya Leaf haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji, na Phoenix wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Malalamiko yalifika mahakamani, na kampuni ikatoa dhamana ya uwezo wa betri. Sisi hatuna nyuzi 40, kwa hiyo hatuna haja ya kuazima na joto la Arizona. Tuna jambo la karibu zaidi: tunanunua magari yaliyotumika kutoka Japani. Leaf ikitolewa bandarini imetumia betri yake miaka kadhaa, na kilomita za kipeperushi chake ni za ujana wake. Dashibodi yake ina vijistari 12 vidogo upande wa kulia vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Hesabu vijistari kabla hujahesabu fedha. Kwa pikipiki nyingi hata vijistari hivyo hakuna, na chumvi ya bahari ya kwetu inayokula mabati ya nyumba sioni kwa nini iogope viunganishi vya betri.

Kitu kimoja niwape wauzaji bila kinyongo. Mota ya umeme ni nzuri kwenye mchanga. Inatoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haihitaji kupigwa resi mpaka iunguze klachi, na dereva mwenye mkono mtulivu atapita mahali ambapo ya petroli ingezama. Inawezekana kabisa kwamba pikipiki bora ya Msimbati ni ya umeme, yenye tairi pana, betri mbili na gia ya chini. Inawezekana mtengenezaji akiambiwa ukweli wa barabara hii ataitengeneza. Hawezi kuambiwa na mtu ambaye naye hajapima.

Basi tupime. Shirika la Viwango, TBS, lingeweza kesho kudai kwamba kila chombo cha umeme kinachouzwa nchini kibandikwe namba mbili badala ya moja: ya lami na ya barabara isiyo na lami, kikiwa na mzigo. LATRA ingeweza kukataa mkataba wa bodaboda unaotumia namba ya kwanza kumpangia hesabu dereva wa njia ya pili. Natamani wafanye hivyo, lakini sitakaa kusubiri, na wala Wanorwei hawakusubiri. VETA ipo Mtwara. Vyama vya bodaboda vipo, vina viongozi, vina mihuri, vinakusanya michango ya misiba na faini kwa usahihi ambao halmashauri nyingi zingeuonea wivu. Kupima umbali hakuhitaji maabara. Kunahitaji pikipiki iliyochajiwa mpaka ijae, mizani ya AMCOS ya kupimia mzigo, mita ya umeme ya kuonyesha uniti zilizoingia, daftari, na mtu asiyelipwa na muuzaji. Unatoka Mangamba alfajiri, unaandika asilimia kila kilomita tano, unafika Ruvula, unageuza. Unarudia wakati wa kusi na wakati wa mvua, maana mchanga uliolowa na kushikana ni barabara nyingine kabisa. Matokeo yanabandikwa kijiweni.

Nilimweleza yule kijana mpango huu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani atalipia siku yake, swali ambalo pia sijawahi kulisikia kwenye semina. Kisha akakubali kuendesha, kwa masharti mawili. Mzigo uwe korosho za kweli, zilizofungwa kama anavyozifunga yeye, isiwe viroba vya mchanga vilivyopangwa vizuri katikati ya kiti. Na nyuma yake aje mwenzake na pikipiki ya petroli na kamba.